Askofu wa g7 katika Mchezo wa Karne

Mtaje Bobby Fischer mbele ya mpenzi yeyote wa sataranji, na haitachukua muda kabla hujasimuliwa habari ya malkia. Fischer, akiwa mtoto wa miaka 13 mwenye kete nyeusi, alicheza na Donald Byrne mjini New York tarehe 17 Oktoba 1956, katika mashindano ya Rosenwald. Hatua ya 17 akamwacha malkia wake aliwe. Hatua ya 41 akampa Byrne chekimeti, yaani mfalme alishambuliwa akakosa pa kukimbilia, na mchezo ukaisha. Hans Kmoch, aliyeuandikia mchezo huo uchambuzi mwaka huohuo, aliuita Mchezo wa Karne, na jina hilo limeganda hadi leo.

Yote hayo ni kweli, na bado yanatuacha gizani. Msomaji anayeambiwa tu kwamba malkia alitolewa kafara hubaki akidhani mchezo ule ulikuwa muujiza, kijana aliyeona kitu ambacho binadamu wengine hawawezi kukiona. Mimi naamini unaeleweka, na mlango wa kuuelewa ni kete moja ambayo wasimuliaji wengi huitaja kwa haraka na kuipita: askofu mweusi wa g7, kete inayokwenda kimshazari tu. Alifika pale hatua ya 3. Hakusogea tena hadi hatua ya 29. Na karibu kila jambo kubwa lililotokea katikati lilimtegemea yeye.

Kwa asiyezoea majina ya miraba: safu nane zinazosimama huitwa a hadi h, kuanzia kushoto kwa mwenye kete nyeupe, na mistari nane inayolala huhesabiwa 1 hadi 8, kuanzia upande wake. Kwa hiyo a1 ni pembe ya kushoto ya mwenye nyeupe, na h8 ni pembe iliyo mkabala nayo kabisa. Kati ya pembe hizo mbili unapita mshazari mrefu wa miraba minane, yote myeusi. Huo ndio mstari wa kuufuata kwa kidole hadi mwisho wa makala haya. Ukiwa na ubao karibu, panga kete, utafaidi zaidi.

Kumweka askofu kwenye mshazari huo huitwa fianketo, neno la Kiitaliano lenye asili ya neno la ubavu. Askari wa g husogea mraba mmoja tu mbele, kisha askofu huingia nyuma yake, kwenye g7 kwa mweusi au g2 kwa mweupe. Yaweza kufanywa upande wa pili pia, kwa askari wa b. Askofu aliyekaa hapo yuko mbali na vurugu, amezungukwa na askari wake mwenyewe, lakini macho yake yanapenya hadi pembe ya mbali kabisa.

Zamani mtindo huu ulidharauliwa. Mafunzo ya kale yalisema: jaza katikati ya ubao kwa askari wako, kwa sababu anayetawala katikati ndiye anayetawala vita. Katika miaka ya 1920 wachezaji kama Aron Nimzowitsch na Richard Réti walikuja na wazo jingine. Katikati yaweza kutawaliwa kwa mbali. Mwache mwenzako ajenge ukuta wake wa askari, kisha ukuta huohuo ugeuke kuwa shabaha. Mwaka 1922 Ernst Grünfeld wa Austria alileta ulinzi unaobeba jina lake, na mwaka uleule akamfunga nao Alexander Alekhine mjini Vienna. Mweusi anaweka askofu g7, anamruhusu mweupe kushika katikati, halafu anaanza kuibomoa. Huo ndio ulinzi ambao Fischer alijikuta ndani yake.

Mtindo huu una gharama, na haifai kuificha. Askari wa g akishasogea, miraba ya f6 na h6 inapoteza mlinzi wake. Askofu wa g7 ndiye anayeziba pengo hilo. Akibadilishwa na askofu wa mweupe wa miraba myeusi, mfalme wa mweusi anabaki na mashimo mlangoni kwake. Ndiyo maana wengi wenye kete nyeupe hupanga malkia na askofu kwenye mshazari mmoja na kusukuma askofu hadi h6, ili tu mlinzi huyo aondoke. Byrne hakujaribu hilo hata mara moja. Askofu wake wa miraba myeusi alikwenda f4, kisha g5, kisha e7, kisha c5, na mwisho akaenda b6 kula malkia. Safari ndefu, lakini askofu wa g7 hakuguswa.

Hatua kumi za kwanza zinapendeza kwa mweupe. Byrne alipata askari d4 na e4, wamesimama bega kwa bega. Fischer alimkinga mfalme wake mapema, hatua ya 4, kwa mwendo ule ambao mfalme na ngome hucheza kwa pamoja. Hatua ya 5 akasukuma askari hadi d5, akamtoa kwa kubadilishana na askari wa c wa Byrne. Malkia wa Byrne alitoka b3, akala c4, kisha akaenda c5. Hapo kuna hesabu ya kufanya. Malkia ametumia hatua tatu, na wakati huo askofu wa f1 bado amelala nyumbani. Askofu huyo asipotoka, mfalme hawezi kukingwa upande wa karibu. Mfalme wa Byrne bado yuko e1, katikati ya ubao.

Sasa tazama mshazari wetu. Kutoka g7, askofu anataka kuona f6, e5, d4, c3, b2 na a1. Lakini njia ina vifuniko viwili. Cha kwanza ni farasi wake mwenyewe aliye f6. Cha pili ni askari wa Byrne aliye d4. Mtu akiutazama ubao wakati huo atasema askofu huyu hafanyi kazi yoyote. Mchezo mzima, kwa jinsi ninavyousoma, ni hadithi ya jinsi vifuniko hivyo viwili vilivyoondolewa, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa wakati wake.

Hatua ya 11 Byrne alikosea. Alimchukua askofu aliyekwisha kutoka, wa f4, akamsogeza tena hadi g5. Kumtoa askofu wa f1 hadi e2 kungemwezesha kumkinga mfalme hatua inayofuata. Kosa lenyewe ni dogo. Kwa mpinzani wa kawaida lingepita bila adhabu.

Jibu la Fischer, farasi kutoka b6 hadi a4, ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote katika mchezo huu, kubwa hata kuliko kafara ya malkia. Farasi anakwenda ukingoni mwa ubao, mahali ambapo kila mwanafunzi hukatazwa kumpeleka, na anawekwa mbele ya farasi mweupe wa c3 anayeweza kumla papo hapo. Wakati huohuo anamtishia malkia wa c5.

Kwa nini Byrne asimle tu? Kwa sababu farasi wa c3 ndiye mlinzi wa askari wa e4. Akiondoka kwenda a4, farasi wa pili wa Fischer anaruka kutoka f6 na kumla askari huyo, na kutoka e4 anawatishia kwa mpigo malkia wa c5 na askofu wa g5. Byrne angekuwa na majibu kadhaa, na yote yana uchungu. Tuseme askofu wake anakula e7 na kumtishia malkia mweusi: Fischer anakula malkia wa c5, Byrne anakula malkia wa d8, Fischer anakula farasi wa a4. Askofu mweupe aliye d8 lazima akimbie. Mweusi anabadilisha askofu wake wa g4 na farasi wa f3, na mweupe analazimika kula kwa askari wa g, jambo linaloharibu mpangilio wa askari wake. Kisha farasi mweusi anakula b2, akiitishia ngome ya d1. Mweusi ana askari mmoja zaidi na mchezo mzuri. Na kama ni malkia mweupe anayekula e7, anaambulia cheki, yaani shambulio la moja kwa moja kwa mfalme, kutoka kwa malkia mweusi anayekuja a5, na mfalme aliyeachwa e1 anaanza kulipia uvivu wake.

Hapa inaonekana tofauti ya wafalme wawili. Kila njia inayomwokoa Byrne inavunjika kwa sababu mfalme wake yuko wazi. Kila njia ya Fischer inawezekana kwa sababu wake amejificha g8, nyuma ya askofu wa g7. Fianketo ile haikuwa silaha pekee; ilikuwa pia nyumba.

Byrne aliliona hilo, akarudisha malkia hadi a3. Farasi wakabadilishana c3, ambapo askari wa b wa Byrne alikula na kuhamia safu ya c. Kisha hatua ya 13 farasi wa f6 akala e4. Kifuniko cha kwanza kimeondoka. Byrne akajibu kwa askofu kula e7, akimtishia malkia na ngome ya f8 kwa pamoja. Hakuna askari aliyebaki kwenye safu ya e, si mweupe wala mweusi, na mfalme wa Byrne amekaa mwisho wa safu hiyo.

Fischer alimsogeza malkia hadi b6 na kuiacha ngome ya f8 iliwe. Byrne hakuila. Angeila, askofu wa g7 angekula f8 na papo hapo kumtishia malkia wa a3, kwa kuwa kutoka f8 hadi a3 kuna mshazari mwingine ulio wazi. Ndiye yule yule askofu, akiwa bado hajasogea, lakini tayari anailinda ngome kwa kitisho tu.

Hatua ya 15 Byrne akamtoa askofu wake wa f1 hadi c4. Kwa kuchelewa, lakini sasa alikuwa hatua moja kutoka kumkinga mfalme. Fischer hakumpa hatua hiyo. Farasi akala c3. Malkia angemla farasi huyo, ngome nyeusi ingekuja e8 na kumbana askofu wa e7 mbele ya mfalme. Byrne akamrudisha askofu hadi c5, akimtishia malkia wa b6. Ngome ikaja e8 na cheki. Mfalme akaenda f1, na hapo haki ya kukingwa ikapotea moja kwa moja. Ngome ya h1 ikafungiwa kwenye pembe yake; haikusogea kwa mara ya kwanza hadi hatua ya 28, na hatua hiyohiyo ikaliwa.

Sasa tumefika hatua ya 17. Malkia mweusi yuko b6, anatishiwa na askofu wa c5. Farasi wa c3 anatishiwa na malkia wa a3. Wachezaji wengi wangerudisha kitu nyuma. Fischer akacheza askofu kutoka g4 hadi e6, akiwaacha malkia na farasi wote wawili hatarini.

Njia tatu zilikuwa mbele ya Byrne. Ya kwanza ni kumla askofu wa e6. Hapo malkia mweusi anakwenda b5 na cheki, mfalme anakimbilia g1, farasi anaingia e2 na cheki, mfalme anarudi f1, farasi anaruka g3 akitoa cheki mbili kwa wakati mmoja, yake na ya malkia. Mfalme anarudi g1. Malkia anajitupa f1. Ngome lazima imle, na farasi anarudi e2. Chekimeti. Mfalme amezingirwa na kete zake mwenyewe, hana pa kupumulia.

Ya pili ni malkia mweupe kumla farasi wa c3. Hapa angalia mshazari wetu. Malkia mweusi anamla askofu wa c5. Askari wa d4 angependa kumla malkia huyo, lakini akiondoka d4, kifuniko cha pili kimefunguka, na askofu wa g7 anateremka hadi c3 kumla malkia mweupe. Vumbi likitulia, mweusi ana askari mmoja zaidi. Askari wa d4 anaonekana huru, kumbe amefungwa kwa kamba isiyoonekana na kete iliyo mbali kabisa.

Ya tatu ni kumla malkia, na Byrne ndiyo aliyoichagua. Akala b6. Askofu mweusi akala c4 na kutoa cheki, na kinu kikaanza kusaga. Farasi akaingia e2 na cheki. Mfalme aliyekuwa g1 akarudi f1. Farasi akaondoka e2, na kuondoka kwake kukafunua cheki ya askofu wa c4. Farasi anayeondoka namna hii ana uhuru wa kula chochote, kwa sababu mwenzako lazima kwanza amshughulikie mfalme. Akala d4. Mfalme g1. Farasi akarudi e2, cheki. Mfalme f1. Farasi akaenda c3, cheki ya kufunuliwa. Mfalme g1.

Wengi huusimulia mzunguko huu kama burudani. Mimi naona hesabu. Baada ya cheki zote hizo, farasi amerudi pale pale c3 alipokuwa hatua ya 17. Faida ya mzunguko ni askari mmoja tu wa d4. Lakini huyo alikuwa kifuniko cha pili. Sasa mshazari wa g7 hadi c3 uko wazi, na farasi wa c3, aliyekuwa chakula cha malkia, ana mlinzi. Fischer akala b6 kwa askari wa a, na kufungua safu ya a, hivyo ngome ya a8 ikamtishia malkia wa a3. Malkia huyo hawezi kumla farasi, kwa kuwa askofu wa g7 anamsubiri.

Malkia akaenda b4, akimtazama askofu wa c4. Ngome nyeusi ikaja a4. Huo ni mpangilio ninaoupenda kuliko chekimeti yenyewe: ngome ya a4 inamtishia malkia na kumlinda askofu wa c4, farasi wa c3 anailinda ngome, askofu wa g7 anamlinda farasi. Kete nne zimeshikana mikono, na mkono wa mwisho, ule unaoshikilia zote, uko pembeni kabisa ambako hakuna anayetazama. Malkia akaondoka kwa kula b6, na farasi akala ngome ya d1.

Ukihesabu kwa thamani za kawaida, malkia ni 9. Kwa huyo malkia mmoja Fischer alipata ngome, ambayo ni 5, na maaskofu wawili, ambao ni 3 kila mmoja: jumla 11, pamoja na askari. Kwa hiyo neno kafara linapotosha kidogo. Malkia aliuzwa kwa bei nzuri sana. Jambo gumu lilikuwa kuiona bei hiyo kutoka hatua ya 17, na zaidi ya hapo kutoka hatua ya 11.

Hatua zilizobaki zinaweza kupitwa kwa haraka. Fischer alikula a2 na f2, ngome ya h1 ikatoka hadi e1 na kuliwa, na malkia wa Byrne akatoa cheki moja kutoka d8. Hapo, hatua ya 29, askofu wa g7 alisogea kwa mara ya kwanza baada ya hatua 25 za kukaa, akaingia f8 kumkinga mfalme. Malkia mweupe aliyebaki alikuwa na nguvu lakini bila kazi: kete zote za Fischer zililindana, na malkia peke yake hawezi kuvunja kete zinazolindana. Alikwenda b8 hatua ya 32 na hakusogea tena.

Byrne, aliyekuwa na miaka 26, aliendelea kucheza badala ya kusalimu amri, na kwa hilo tunamshukuru, kwa sababu tuliachiwa mwisho mzima. Hatua ya 35 askofu akatoka f8 hadi c5 na cheki. Mfalme f1. Farasi g3, cheki. Mfalme e1. Askofu wetu akaja b4, cheki, na mfalme akaenda d1. Askofu mwingine akaja b3, cheki. Hapo mfalme angependa kurudi e1 au kupanda d2, lakini miraba yote miwili iko kwenye mshazari wa askofu wa b4. Akabaki na c1. Farasi e2, cheki; mfalme b1. Farasi c3, cheki, mfalme c1. Ngome ikatoka a2 hadi c2, ikilindwa na askofu wa b3, na farasi wa c3 akiwa amefunga b1 na d1. Malkia mweupe alikuwa bado yuko b8.